Riker wawili, deni moja

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Makorora, hapa Tanga. Juzi mimi na pacha wangu tumetazama ile sehemu ya Star Trek, tamthilia ya safari za angani, ambayo Riker anashuka sayarini anamkuta Riker mwingine. Sisi tumefanana kama shilingi kwa ya pili, lakini usiku ule tuligombana hadi mama akaja kutuzimia televisheni. Mwenzangu anasema yule aliyeachwa sayarini ni nakala tu, kitu cha mashine. Mimi nasema aliyeachwa ndiye Riker halisi, maana yeye ndiye aliyebaki palepale na ahadi yake. Tuambie, yupi ndiye Riker? Kwa nini yule kamanda hampendi mwenzake na hali ni yeye mwenyewe? Na kisayansi, jambo hili lawezekana?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na mama naye mpe salamu zangu. Nimefundisha baiolojia hapa Tanga kwa miaka mingi, na sehemu hiyo ya tamthilia nimeitumia darasani zaidi ya mara moja, kwa hiyo swali lako limenikuta nikiwa tayari.

Niwaeleze kwanza wasioitazama. William Riker ni kamanda, mtu wa pili baada ya nahodha Picard katika meli ya angani iitwayo Enterprise. Miaka minane kabla, akiwa luteni kwenye meli nyingine, Potemkin, aliongoza kazi ya kuwahamisha watafiti kutoka sayari ya Nervala IV. Sayari hiyo imezungukwa na mchafuko unaouvuruga mtambo wa kusafirishia watu, ule unaomyeyusha mtu hapa na kumuunda upya kule. Ilipofika zamu ya Riker kupanda, mchafuko ulikuwa umezidi. Fundi wa mtambo akaona mwale unamponyoka, akawasha mwale wa pili usaidiane na wa kwanza. Kumbe wa kwanza ulitosha. Riker akafika melini salama. Ule wa pili ukagonga mchafuko, ukarudi chini, na chini kule akasimama Riker, mzima wa afya, akiamini kwamba safari imeshindikana na kwamba wenzake wamemwacha. Juu hakuna aliyejua kuwa kuna mtu amebaki. Miaka minane ikapita mpaka Enterprise ilipokwenda kuchukua kumbukumbu za utafiti zilizoachwa pale, na kamanda akakutana ana kwa ana na luteni.

Sehemu hiyo ilirushwa Marekani Mei 1993. Sisi Bara wakati huo hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, ITV ilianza 1994, kwa hiyo mimi niliipata baadaye kwa kanda ya kuazima, Ngamiani. Na kuna jambo napenda wanafunzi wangu walijue: yule dada anayeonekana kwa muda mfupi kwenye chumba cha mtambo wa kusafirishia ni Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kwenda angani, Septemba 1992. Alitoka anga za kweli akaja kucheza za kubuni.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo jepesi. Kwa sheria za maumbile tunazozijua, haiwezekani. Mwaka 1982 William Wootters na Wojciech Zurek, na kando yao Dennis Dieks, walithibitisha kwa hesabu kwamba hali ya kwanta, yaani hali kamili ya chembe ndogo kabisa kama atomi, usiyoijua haiwezi kunakiliwa ukapata mbili zilizo sawasawa kabisa. Kuhamishwa, yaweza. Hesabu za kuihamisha zilichapishwa Machi 1993, miezi miwili tu kabla ya Riker wawili kuonekana kwenye televisheni, na Charles Bennett na wenzake watano, huyo Wootters akiwa mmoja wao. Lakini sharti la uhamisho huo ni kwamba kile cha mwanzo kipoteze hali yake, vinginevyo cha pili hakipatikani. Mwaka 1997 maabara zikaufanya kweli kwa fotoni, yaani chembe za mwanga, na 2017 wanasayansi wa China wakatangaza kuuhamisha kutoka ardhini hadi kwenye satelaiti, umbali wa hadi kilomita 1,400. Fotoni moja moja, mwanangu. Mwili wa mtu mzima una atomi zipatazo 7 ikifuatwa na sifuri 27.

Halafu kuna suala la malighafi. Mwili wa pili ulitoka wapi? Kama mtambo ulimuunda Riker wa kilo 80 kutokana na nishati tupu, basi kwa hesabu ya Einstein ilihitajika jouli 7.2 mara 10 kwa kipeo cha 18. Chukua Bwawa la Julius Nyerere, mitambo yote tisa, megawati 2,115, lifanye kazi usiku na mchana bila kuzimwa hata dakika moja. Lingehitaji zaidi ya miaka 100 kumlipia mtu mmoja. Fundi yule wa Potemkin alimtoa kwa kubonyeza kitufe.

Hilo tuliache. Hadithi ina haki ya kuomba jambo moja lisilowezekana, mradi baada ya hapo iwe mkweli. Na hii ilikuwa kweli kuliko nyingi nilizoziona.

Sasa, yupi ndiye Riker? Panda daladala uteremke njiani kuelekea Muheza, usimame ukingoni mwa shamba la mkonge. Mkonge haupandwi kwa mbegu. Ukikomaa hutoa mlingoti mrefu mara moja tu katika maisha yake, kisha unakufa, na kwenye matawi ya mlingoti ule huota vimche vidogo. Vimche hivyo si watoto kama sisi tulivyo watoto wa wazazi wetu. Ni mmea uleule umeanza upya, damu ileile, kama mmea ungekuwa na damu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vimche 1,000 kutoka Florida, na waliovuka salama ni 62 tu. Walipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na hao ndio waliojaza mashamba yetu kwa miongo mingi. Hata mkonge chotara namba 11648, uliozalishwa pale Muheza, nao huongezwa kwa njia hiyohiyo.

Muulize mkata mkonge yeyote akuoneshe ulio halisi kati ya hiyo iliyopangwa kwenye mistari mpaka macho yanachoka. Atadhani umepigwa jua. Hakuna halisi na hakuna nakala. Lakini ulioangukia udongo mzuri na ulioangukia mwambani hawatoi singa, yaani nyuzi, za urefu mmoja, na ukipeleka majani yao korona, kwenye mashine ya kutoa nyuzi, mtu mzoefu atakwambia lipi limetoka wapi.

Ndivyo ilivyo kwa Riker. Pacha wako amekosea kusema kwamba aliyebaki chini ni kitu cha mashine, kwa sababu aliyepanda naye ametoka kwenye mashine ileile, dakika ileile. Wote wawili waliyeyushwa. Na wewe umekosea pia. Unasema aliyebaki palepale ndiye halisi, lakini hakubaki. Aliondoka akarudishwa. Daktari wa meli, Crusher, alipowapima alikuta urithi wao ni mmoja, na hata mpangilio wa ubongo ni uleule isipokuwa tofauti ndogondogo. Mpangilio huo hutokana na yale mtu aliyoyapitia utotoni, kwa hiyo hakuna aliyefinyangwa jana kwa mfano wa mwenzake. Wote wawili walipelekwa shule na baba mmoja, wote waliumia goti lilelile.

Wewe na mwenzako mngepaswa kulielewa hili kabla yangu. Mapacha wa kufanana hutokea mara tatu au nne hivi katika kila uzazi 1,000, na hutokana na yai moja lililokwisha kurutubishwa kisha likagawanyika. Nani kati yenu ndiye lile yai, na nani ndiye aliyezidi? Hamjawahi kuulizana, na hakuna wa kuwauliza. Hata vidole vyenu vina alama tofauti, kwa sababu kila mmoja alilala upande wake tumboni. Tofauti kati yenu na akina Riker ni moja, nayo ndiyo mzizi wa hadithi: ninyi mligawanyika kabla hamjamwahidi mtu chochote.

Riker alikuwa amekwisha kuahidi. Alimpenda Deanna Troi, wakapanga wakutane Risa, sayari ya mapumziko, wiki chache baada ya ile kazi ya Nervala. Aliyepanda alipandishwa cheo kwa ushujaa wa siku hiyohiyo, na cheo kikazaa kazi, kazi ikazaa meli nyingine. Risa hakwenda. Miaka ikapita, akapangiwa Enterprise na kumkuta Troi pale akiwa mshauri wa mabaharia, wakaamua kuwa marafiki, na urafiki huo ukawa mzuri, wa heshima. Yaliyopita yakafunikwa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyafukua.

Luteni alikuwa kule chini, peke yake, katika kituo kibovu kwenye mapango, akila akiba na kutengeneza vifaa kwa vifaa. Kwake ahadi haikupita. Aliilea kama mtu anavyolea moto usiku wa baridi, kwa sababu hakuwa na kingine cha kulea. Akitoka tu, jambo la kwanza ni Troi. Anamwachia vikaratasi vya mafumbo huku na huku melini avifuate kimoja hadi kingine. Ni mtu anayelipa deni siku ya kwanza aliyopata fedha.

Watu wa pwani tunasema ahadi ni deni, na nadhani hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Hebu fikiria wadaiwa wawili wa deni moja. Mmoja amekaa miaka minane anapishana na mdai sokoni, wanasalimiana, wanacheka, wamekubaliana kimyakimya kwamba jambo lile limekwisha. Siku moja anatokea mdaiwa wa pili, nguo zimechakaa, na mkononi ana fedha kamili. Huyo wa kwanza atampenda? Hana ubaya naye. Hajamwibia, hajamtukana. Lakini kwa kusimama tu pale amemfanya mwenzake awe mtu asiyelipa.

Ndani ya sehemu yenyewe watu wawili wanalijadili. Data, ambaye ni mashine yenye umbo la mtu na ana ndugu anayefanana naye, anafikiri binadamu hujivunia kuwa kila mmoja ni peke yake, na kumwona anayefanana naye kabisa humwondolea fahari hiyo. Worf, ofisa mwenzao, anajibu kwamba pengine mtu humwona mwenzake ana kitu ambacho yeye mwenyewe hakipendi ndani yake. Maelezo ya Worf hunukuliwa mara nyingi kama ndiyo ufunguo. Naheshimu, ila naona amegeuza upande. Will Riker, yule kamanda, hakuona ubaya wake kwa yule luteni. Aliona uzuri aliokuwa nao zamani, bado ukipumua, na akajua siku na saa alipouweka chini.

Kabla ya hapo angeweza kujiambia maneno ambayo sote hujiambia. Nilikuwa kijana. Mambo yalibadilika. Nisingeweza kufanya vinginevyo. Sasa huyu hapa, kijana yuleyule, hajabadilika, anafanya vinginevyo mbele ya macho yake.

Ndiyo maana ugomvi wao kazini unakuwa mkali kuliko kazi yenyewe. Luteni anapendekeza njia yake ya kuzifikia zile kumbukumbu, kamanda anaikataa, Picard anasikiliza na kuikubali. Usiku wanacheza karata, na kila mmoja anajua uongo wa mwenzake kabla haujatamkwa. Kamanda anashinda, na luteni anamwambia kwamba siku zote yeye ndiye amekuwa na karata nzuri, katika kila jambo. Nikiisikia sauti ile huwa nasitisha mkanda. Jonathan Frakes ndiye anayecheza wote wawili, na bado unajua ni yupi anayezungumza kwa namna anavyobeba mabega.

Kuna mazungumzo mengine ambayo huenda mlipitiwa kwa sababu ya kelele zenu. Will anamwendea Troi kumtahadharisha asije akaumizwa. Anamuuliza, kwa maana hii: kama angetoka yeye na kubaki mimi, hudhani naye angechagua kama nilivyochagua? Nilipoyasikia mara ya kwanza niliona ni maneno ya mtu mwenye wivu. Miaka ilipoongezeka nikaona ni maneno ya kweli, na ndiyo yanayouma. Uaminifu wa luteni haukuwahi kupimwa. Kule chini hakukuwa na cheo cha kukataa wala meli ya kuiacha ipite. Ni rahisi kumngoja mtu mahali ambapo hakuna njia ya kutoka.

Halafu tazama mwisho. Jeshi linampa luteni nafasi kwenye meli iitwayo Gandhi. Anamwomba Troi waende pamoja, Troi anakataa, kwa sababu na yeye ana maisha yake na kazi yake. Naye luteni anakwenda. Hajakaa. Alipowekewa meli mkono huu na mpenzi mkono huu, yeye naye alishika meli. Will alikuwa amesema kweli, na sioni mahali popote ambapo ukweli huo ulimfurahisha.

Kuhusu lile daraja. Wawili hao wanapita juu ya shimo ndani ya pango, daraja linakatika, luteni anabaki akining'inia na kamanda amemshika mkono. Kama umewahi kwenda Mapango ya Amboni unajua giza lile linavyokuwa pale mwongoza watalii anapozima tochi makusudi, mkono wako unautafuta mwili wa jirani hata kama humjui. Will angeachia, kila kitu kingerudi kilivyokuwa: jina moja, mtu mmoja, Troi rafiki, Risa imesahaulika. Hakuachia. Sidhani alimpenda zaidi baada ya hapo, ila alikubali kwamba yupo.

Na sasa jina. Ninyi mlipozaliwa wazazi walijua ni wawili, wakatafuta majina mawili. Hapa mjini watoto wa kiume mara nyingi huwa Hassan na Hussein, na Wasukuma wana Kulwa na Doto. Kila pacha anakuta jina lake limeshawekwa. Hawa walikuwa watu wazima wawili wenye jina moja, na mmoja ilimlazimu kulitoa. Aliyelitoa ni yule aliyekwisha kupoteza cheo, miaka minane na mchumba. Akachukua jina lake la kati, Thomas. Will akampa tromboni, chombo ambacho wote wawili walijifunza kukipiga kwa vidole vilevile, na Thomas akamwomba amtunze Deanna. Hawakukumbatiana kama ndugu. Wangewakumbatisha, nisingewaamini.

Ndugu zangu wengi wanaishia hapo, lakini yapo yanayofuata, na ninyi mtafuteni. Novemba 1994, katika tamthilia dada ya Deep Space Nine, Riker anafika kwenye kituo cha angani chenye jina hilo, anapokelewa kwa heshima zote za kamanda wa Enterprise. Kisha anabandua ndevu za bandia za mashavuni. Ni Thomas. Amejiunga na waasi, Maquis, na amekuja kuiiba meli ya kivita Defiant. Miaka minane alikuwa mtu asiyejulikana kuwa yupo, kisha akawa mtu ambaye kila anayemwona anamwona mwenzake, sasa anatafuta jambo moja kubwa ambalo Will hangelifanya kamwe. Kira, ofisa wa kituo anayetekwa nyara ndani ya meli hiyo, analing'amua hilo na kumwambia usoni.

Anazingirwa na Wakardasia, maadui wa Maquis. Masharti ya kujisalimisha ni haya: mabaharia wake wakabidhiwe kwa Shirikisho, dola yenye meli za Enterprise na Defiant, yeye abaki, na badala ya kunyongwa afungwe maisha kwenye kambi ya kazi ngumu. Anakubali.

Mwanangu, ulisema unamtetea aliyebaki. Basi siku mtakayoitazama hii, mwite pacha wako, na mara hii mwache mama alale. Tazameni pale wenzake wanapoondoka mmoja mmoja na Thomas anasimama akiwaangalia. Mara ya kwanza wenzake walikwenda zao naye akabaki chini bila kujua kwa nini. Mara hii anajua, na ni yeye aliyewaambia waende.